Kidole Gumba cha Efrazia

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Egidius alifika mtaa wa Yoba mjini Gitega akiwa na godoro, sufuria mbili na redio isiyo na betri, akakodi chumba kwa Mama Pétronille. Kilikuwa chumba cha tatu kutoka langoni, mlango wake wa bati umepakwa rangi ya buluu, na sakafu ilikuwa na ufa mmoja ulioanzia kizingitini ukaishia chini ya dirisha. Mama Pétronille alikuwa ameandika mkataba kwenye karatasi ya daftari. Kando yake aliweka kikopo cha wino, maana wapangaji wake wengi hawakujua kuandika, na Egidius alikuwa mmoja wao. Alisoma madarasa mawili, kisha akavushwa mpaka kwenda Tanzania mgongoni mwa watu wazima, na huko hakuna aliyemuuliza tena habari ya shule.

"Bon, papa. Tia gumba hapa chini."

Egidius akatia gumba la kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika karatasi isipeperuke. Mama Pétronille akautazama mkono huo, akavaa miwani, akautazama tena.

"Na hii?"

"Ipi?"

"Hii gumba ya kushoto. Haiko yako."

"Ni ya mke wangu. Marehemu."

"Iko anaitwa nani?"

"Efrazia."

"Basi na yeye atie. Mi sitaki kesho mutu aje kuniambia hakuulizwa."

Maneno hayo yalimwingia Egidius kama mwiba. Kile kidole kikajichovya chenyewe kwenye wino, kikaweka alama yake ndogo, nyembamba, kando ya alama yake pana. Mama Pétronille aliikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Maji utalipa ya mutu moja," alisema. "Kidole haiogi."

Kidole kile kilimjia miezi mitatu kabla, siku ya tano baada ya yeye kuuza kiwanja cha Muyinga. Kwanza gumba lake la kushoto lilimwasha. Halafu likapungua. Jumapili, alipokuwa anafunga vifungo vya shati aende misa, aliona kazi imekuwa rahisi, akatazama chini, na gumba lilikuwa la Efrazia: dogo, lina kovu jeupe la kisu alichojikata akimenya muhogo kambini Ngara, na weusi wa utomvu wa ndizi pembeni mwa ukucha, ule uliokuwa hautoki hata kwa sabuni ya mche. Alikwenda zahanati. Mwuguzi alikibonyeza, akasema kina damu nzuri kuliko vile vingine tisa, akamwandikia vitamini.

Egidius alijua kimetoka wapi. Ila alipenda zaidi kusema kimeletwa na wakubwa.

Wakubwa ndio walioanza, hilo hakuna wa kumbishia. Amani ilipotangazwa yeye na Efrazia walirudi na lori la wakimbizi, wakakuta shamba la baba yake lina watu, lina nyumba ya matofali, na lina karatasi zenye mihuri. Waliambiwa wavumilie. Walivumilia mwaka mzima chini ya turubai. Efrazia ndiye aliyekwenda huku na huko na maharage kichwani, soko hata soko, mpaka akapata cha kununulia kiwanja kingine, chenye nyumba, kwenye kilima cha pili. Si mtu wa kudanganywa kwa nyumba, yule. Alikwenda kukitazama kiwanja mara tatu, na mara moja katika hizo alichagua siku ya mvua kubwa, akasimama pale akilowa ili aone maji yanakopita. Aliwauliza majirani kabla ya kumwuliza mwuzaji. Alibonyeza kila ukuta kwa gumba la kushoto. Kisha akawaita majirani wa pande zote nne, wakazunguka mipaka kwa miguu, mti kwa mti, na mwisho wakaketi kuzunguka chungu cha urwarwa, ile pombe ya ndizi, kila mmoja akavuta kwa mrija wake. Kunywa ndiko kushuhudia. Karatasi ikaandikwa majina mawili, la mume na la mke.

"Hiki ni cha Gracieuse," alisema siku ile. "Mtoto wa kike hapewi shamba na mtu. Mimi nampa."

Gracieuse ni binti yao wa pekee, aliyezaliwa kambini. Alikuwa ameolewa upande wa Bugendana na alishona nguo pale Mutoyi. Efrazia aliishi katika nyumba ile miaka miwili tu, akafa kwa homa, akazikwa nyuma ya jiko.

Baada ya hapo nyumba ilimkalia Egidius vibaya. Aliamka akakuta vikombe viwili mezani, na cha pili alikuwa amekitoa mwenyewe. Ndipo alipokuja bwana Urbano, msimamizi wa mambo ya ardhi, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Akavichoma kimoja baada ya kingine, kutoka migombani hadi mlangoni. Alisema barabara kubwa itapita hapo, serikali itachukua bila kumtazama mtu usoni, na mwenye akili anauza mapema. Mnunuzi alikuwapo tayari, Ignasi, shemeji yake Urbano, mtu asiyeogopa barabara.

Majirani waliitwa, wakazunguka mipaka haraka haraka, wakaketi penye chungu. Theodosia, mama mmoja aliyekuwa akilima maharage na Efrazia bega kwa bega, aliuliza, "Na Efrazia alisemaje habari ya hiki kiwanja?"

"Alikubali," alisema Egidius.

Theodosia alishika mrija wake. Aliushika mpaka pombe ikaisha, na hakuutia mdomoni.

Ofisini, Urbano alimweleza taratibu vizuri kabisa. Karatasi ina majina mawili, kwa hiyo inataka magumba mawili. Kama mke amekufa, itaandikwa amekufa, na mtoto ataitwa kutoka Mutoyi aje atie sahihi kwa niaba ya mama yake.

"Binti yako atasaini?"

Egidius alitazama kalenda ukutani.

"Basi mama bado mzima," alisema Urbano. "La kulia ni lako, la kushoto ni la mama. Bonyeza."

Egidius akasema ndiyo mkubwa, akabonyeza.

Fedha alizopata zilitosha kukodi, hazikutosha kununua. Akaenda Gitega, kwa kuwa ni mji, na mjini mtu haulizwi habari za kilima alikotoka.

Yoba walikizoea kidole ndani ya wiki. Ilianza pale Bulonza, Mkongomani wa kutoka Uvira aliyeuza vitenge sokoni, alipotaka kununua nyumba ya mzee mmoja aitwaye Sylvestre. Alimwomba Egidius amsindikize, kwa kuwa haifai mtu kwenda peke yake kutazama nyumba. Sylvestre alikuwa amepaka kuta chokaa jana yake, bado inanukia. Walipoingia chumba cha nyuma, mkono wa kushoto wa Egidius uliinuka, na gumba la Efrazia likabonyeza ukuta karibu na sakafu. Likazama mpaka kwenye pingili. Lilipotoka lilikuwa na tope.

"Wee mzee Sylvestre," alisema Bulonza. "Hii ni nyumba ao ni mandazi?"

"Mvua ya mwaka huu ilikuwa kali," alisema Sylvestre.

"Mvua iliingia ndani, ikapaka na chokaa?"

Sylvestre akacheka kwa aibu, akashusha bei papo hapo, na Bulonza akakataa papo hapo. Njiani akakishika kile kidole, akakipangusa tope kwa kitambaa chake cha jasho.

"Papa, hii kidole ya mama iko na akili kupita ma-notaire yote ya hapa, wale ya mihuri. Ilisomea wapi?"

"Kwenye maharage. Alikuwa anabonyeza kujua kama yamekauka."

Tangu hapo waliitwa kila mahali, mtu na kidole. Egidius alirudia maneno ya Efrazia na watu walimsikiliza kama msomi. Nendeni kutazama nyumba wakati wa mvua, jua linaficha mengi. Mwenye nyumba atakuambia maji yanatoka kila siku, wewe muulize mtoto aliyebeba ndoo. Choo kitazame kabla ya sebule. Usikodi kwa mtu anayekataa kuandika, wala usinunue kwa mtu mwenye haraka. Na mkifika kwenye karatasi, uliza kila jina lililoandikwa, mwenyewe yuko wapi. Hapo sauti yake ilishuka, na watu walidhani ni hekima.

"Na ile nyumba yenu ya Muyinga," Bulonza alimwuliza siku moja, "mama aliipima?"

"Aliipima."

"Sasa nani iko anakaa mule?"

"Watu," alisema Egidius.

Gracieuse alikuja Novemba, siku ya Jumamosi, mvua imekatika. Alikuwa ametembea kutoka Mutoyi hadi Bugendana, kisha akapata gari. Mgongoni alikuwa na mtoto wake mdogo, na kichwani kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kanga. Mama Pétronille alimfungulia lango.

Huku kwetu mtu akimsalimia mwenzake kwa heshima hutoa mkono wa kulia, na wa kushoto huushika ule wa kulia kwenye kigasha, ili ionekane anatoa salamu nzima na hakuna kilichofichwa nyuma. Egidius alikuwa amejizoeza kusalimia wa kushoto akiwa ameutia mfukoni. Lakini binti hakuwa ameonekana tangu mazishi, na mkono ulisahau. Ukatoka, ukashika kigasha, na gumba likawa juu, kwenye mwanga.

Gracieuse alilijua kabla hajaachia mkono wa baba yake. Kovu lile aliliona likitoka damu, alikuwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyekimbia kutafuta kitambaa. Hakupiga kelele. Alikishika kidole, akakigeuza, akautazama weusi wa ukuchani.

"Shikamoo mama," alisema.

Halafu akaketi kwenye godoro, akamnyonyesha mtoto, akaeleza lililomleta. Mume wake amemleta mwanamke mwingine nyumbani na yeye ameambiwa atafute pa kwenda. Hakulalamika sana. Pa kwenda pake anapajua.

"Nimepita kukusalimia tu, baba, na kukuomba ufunguo. Kesho nakwenda Muyinga. Nyumba ikikaa bila mtu inaoza, mama alisema hivyo."

Egidius aliinama akatafuta kitu chini ya godoro, na hakikuwapo. Akasema mambo ya wakubwa. Akasema vigingi, barabara, serikali isiyomtazama mtu usoni, mashamba ya baba zetu waliyogawana wakati sisi tunakula mahindi ya msaada. Alisema muda mrefu. Mama Pétronille, aliyekuwa anachambua mchele nje ya mlango, aliacha kuchambua.

"Baba," alisema Gracieuse. "Umeuza?"

"Niliambiwa niuze."

"Na mama alisaini kwa kitu gani?"

Egidius aliinua mkono wa kushoto, akauonyesha, na huo ukawa ndio jibu.

"Eh! Papa weye," alisema Mama Pétronille kule nje, polepole, akarudi kwenye mchele wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu ajenge Yoba, kutamani ukuta uwe mnene zaidi.

Jumatatu walipanda basi, wakapita Karuzi, wakafika Muyinga saa sita. Mtoto walimwacha kwa Mama Pétronille. Ofisi ya Urbano ilikuwa ile ile, na kalenda ile ile, imebaki kwenye mwezi wa sita. Urbano aliwapa viti. Ni mtu wa adabu, hilo lazima lisemwe.

Gracieuse alizungumza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka. Alisema mama yake alikufa mwaka mmoja kabla ya karatasi kuandikwa. Majirani wanajua, kaburi lipo, padri aliyezika yupo. Maiti haisaini. Kwa hiyo karatasi ni ya uongo, na kiwanja kirudi.

Urbano alifungua droo, akatoa karatasi, akaipapasa isiwe na mikunjo.

"Madame, mimi najua kilichoandikwa. Hapa pameandikwa Efrazia yu hai na amekubali. Hili ndilo gumba lake."

"Ni la baba! Alibonyeza yeye, wewe ukimtazama!"

"Tutazame basi. Mzee, lete mkono."

Akaleta kikopo cha wino na karatasi nyeupe. Egidius alinyoosha mkono wa kushoto. Gumba halikutaka, lilijikunja ndani ya kiganja, na Urbano akalikunjua kwa vidole vyake viwili, bila kuliumiza, akalichovya, akalibonyeza. Kisha akaziweka karatasi mbili bega kwa bega, akachukua kioo cha kukuzia, akampa Gracieuse atazame kwanza yeye.

Alama zilikuwa moja. Nyembamba zote mbili, na kovu lilipita katikati ya kila moja kwa mstari mweupe, mahali pale pale. Hata ile ya zamani, iliyobonyezwa na gumba la mwanamume mwenye mikono mipana, ilikuwa imejirekebisha humo ndani ya droo.

"Unaona?" alisema Urbano. "Kidole ni cha mama, alama ni ya mama. Na kina joto, nimekishika. Mimi sijaona mtu aliyekufa hapa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, karatasi safi kama hii ni chache."

"Kama yu hai," alisema Gracieuse, "basi anakataa. Umeona kilivyojikunja."

"Anayekataa anafungua kesi. Anakuja mwenyewe, anasimama pale, anasema jina lake kwa mdomo."

"Hana mdomo."

"Ndiyo shida."

"Kwa hiyo kwenye kusaini ni mtu, kwenye kulalamika ni kidole."

Urbano aliifikiria kauli hiyo kwa haki. "Ndivyo sheria ilivyo," alisema, akairudisha karatasi kwenye droo. Halafu akamgeukia Egidius, akaegemea mbele, sauti yake ikawa ya kirafiki. "Mzee, nimesikia habari zako huko Gitega. Najenga kanyumba kule, na fundi wangu simwamini. Ukipata nafasi, pita na hicho kidole mkanitazamie kuta."

Njia nzima ndani ya basi Egidius alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mtu huyu. Yalikuwa mengi na makali. Mengine aliyaanza tangu enzi za turubai.

"Ndiyo mkubwa," alisema.

Akainuka kuaga, akatoa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaja ukashika kigasha kwa heshima, vidole vinne. Gumba lilisimama mbali, peke yake, lina wino. Gracieuse aliliona hilo, na aliliona na lile jingine pia, baba yake alivyoinama.

Walipita kilimani kabla ya kurudi, kwa kuwa ni karibu. Barabara haikuwa imekuja. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa, kimebaki kimoja tu nyuma ya jiko, rangi nyekundu bado kichwani, na mbuzi amefungwa hapo. Kamba yake ilifika mpaka kwenye kaburi. Mke wa Ignasi, jina lake Kasilda, alitoka akiwa na unga mikononi, akawakaribisha vizuri, akamvuta mbuzi upande wa pili. Alisema wanaweza kuja kulisalimia kaburi wakati wowote, isipokuwa siku za kuanika maharage, maana hapo ndipo panapopata jua.

"Nyumba nzuri hii," alimwambia Gracieuse. "Haivuji hata kidogo. Aliyeichagua alijua."

Egidius alipiga magoti. Hakujua aombe nini, akaweka mikono chini. Gumba la Efrazia likabonyeza udongo wa kaburi, mara moja, pole, kama linavyobonyeza ukuta. Udongo ulikuwa mkavu, umeshikana vizuri. Likakaa hapo muda kidogo, kisha likatoka. Theodosia alikuwa analima ng'ambo ya mpaka. Aliinua kichwa, akamwamkia Gracieuse kwa mkono, akaendelea kulima.

"Mama Pétronille ana chumba kingine?" Gracieuse aliuliza.

"Cha nne. Kile cha mwisho, karibu na choo."

"Ukuta wake?"

"Sijaubonyeza."

"Tutaubonyeza leo."

Njia ya kushuka kwenda kwenye basi ilikuwa na utelezi, na Egidius alikuwa na viatu vya plastiki vilivyoisha soli. Mara ya pili alipotaka kuanguka, binti yake alisimama akamngoja, akamnyooshea mkono. Akamshika. Alilishika gumba la kushoto, lile tu, kwa kiganja chote, akamteremsha nalo hatua kwa hatua mpaka chini. Vile vidole vinne vilivyobaki, ambavyo vilikuwa vya baba yake, hakuvigusa.